Kioo Kitupu cha Mbusa

Ndugu zangu wa Mubi, miaka ile ya vita kila mtu alimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Lakini nyumba ya Mbusa ilikuwa na amani. Yeye na mkewe Kasoki walitoka Butembo, wakafungua chumba cha kuchapa barua kando ya barabara: kompyuta moja kuukuu, imprimante ya kuchapia karatasi na batri ya jua.

Kompyuta ikazeeka. Ukifungua barua moja, nusu ya batri imekwisha. Basi Grégoire, mdogo wake Kasoki na fundi wa mashini, akaondoa bureau nzito, ule uso wa picha unaotokea kwenye kioo cha kompyuta, akaweka nyepesi, wala hakudai malipo. Mashini ikawaka kabla chai haijapoa.

Mbusa alipoketi akaona kioo cheusi na mstari mmoja chini. Picha ndogo za kufungulia barua zote hazikuwapo.

"Bintu yangu iko wapi?"

"Iko mule-mule, shemeji. Bonyeza hapa chini. Nilitoa tu mapambo, sababu mashini iko muzee."

Mbusa hakubonyeza. Kidole kimoja tu, ndugu zangu! Akakaa kuwaza: kwa nini hakutaka malipo? Majina ya wateja amempelekea nani? Akamwita Floribert, fundi mpita njia, arudishe bureau kubwa yenye picha ya mawingu. Kisha akaenda kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, kuwaambia askari kwamba shemeji yake anaiba maandishi ya watu na kuwapelekea adui. Naona aibu hata kusimulia. Grégoire alikamatwa jioni ileile.

Asubuhi Kasoki aliwasha mashini, akapitia orodha ya barua, moja baada ya nyingine.

"Angalia, Mbusa! Barua zote iko. Umetoa mutoto wa mama yangu kwa askari juu ya picha ya mawingu?"

Mbusa alikimbia kwa komanda wa askari wale. "Nilikosea, Papa. Muache."

"Leta barua ya mashini, na muhuri yako. Ya mukono siitaki. Saa sita camion ya askari inamupeleka Walikale."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, batri haikushiba. Nyumbani walipowasha mashini, mawingu ya bureau nzito yakaja polepole, picha zikajipanga moja moja. Kasoki alichapa mistari mitatu. Kioo kikazimika.

Waliandika kwa mkono, wakakimbia nayo hivyo hivyo. Camion ilikuwa imeondoka. Tangu siku ile hakuna aliyeleta habari za Grégoire. Kasoki alirudi Butembo kumwambia mama yao, na Mbusa hakuthubutu kumsindikiza.

MAFUNZO

Nyumba njema si mlango. Kifaa chepesi kinachofanya kazi yako kinashinda kizito cha kujionyesha. Na usichokielewa, muulize aliyekitengeneza, tena umsikilize. Vita vilituua kiasi cha kutosha. Tusivisaidie kwa kushuku watu wetu wenyewe.