Chokaa Iliyokwenda Upande wa Pili

Chombo kiitwacho Kitulizabahari kilikata maji ya ghuba bila nahodha, kikimwaga nyuma yake unga laini wa chokaa. Bahari ya zama hizo ilikuwa imekunywa moshi wa dunia nzima hadi maji yakawa makali, na makombe ya chaza, konokono na kaa yakawa yanalika, wenyewe wakiwa bado hai. Unga ule ndio uliopunguza ukali. Aliyekibuni chombo ni mhandisi Batuli, na kwa miaka mingi wanawake wa Kijiweni, wanaoishi kwa kufuga chaza, hawakuwa na jina jingine mdomoni.

Kisha mdogo wake, Raya, akarudi kutoka masomoni na mbegu ya chaza sugu, mwenye kombe lisilolika.

"Sasa hata mashine ikiharibika, tunavuna," alisema Bi Zuwena, kiongozi wa wafugaji, mbele ya Batuli, tena huku anacheka.

Batuli alicheka naye, lakini moyoni alikuwa anaungua kwa wivu. Huyu Raya, ambaye ni yeye Batuli aliyemfundisha kusoma, leo ndiye anayeamkiwa kwanza!

Chaza sugu alikuwa na udhaifu mmoja. Siku zake mbili za mwanzo, kabla kombe halijashikamana, naye alihitaji maji yaliyotulizwa. Raya akamfuata dada yake kwenye kituo cha chombo.

"Da Batuli, watoto wa chaza wanatoka kesho. Nakuomba chombo kipite kwangu."

"Kitapita."

Hakikupita. Batuli alikipeleka upande wa pili wa ghuba, akijiambia kwamba wakifa wachache tu, watu watakumbuka nani anawalisha. Hakukusudia kuwamaliza. Lakini maji yalikuwa makali kuliko alivyokadiria, na siku ya tatu vitalu vyote vilikuwa vitupu. Wafugaji wote walikuwa wameitegemea mbegu hiyo tu, kwa hiyo mwakani Kijiweni haina mavuno. Wanawake wengine walishaanza kuzungumzia kuhama.

Raya alikuja amenywea. "Dada, nimekosea wapi? Chombo kilipita, sivyo?"

Hapo Batuli angeweza kusema kweli.

"Kilipita," akajibu. "Mbegu yako ndiyo dhaifu."

Raya hakubisha. Tangu utotoni hajawahi kumbishia dada yake. Alirudi maabara akawatoa chaza wazazi wote, kazi ya ujana wake mzima, akawatupa.

Jumatatu akabisha hodi ofisini kwa Batuli, macho yamemvimba.

"Mambo ya mbegu nimeyaacha. Nipokee hapa, unifundishe chombo chako. Mwenye kujua ni wewe, da Batuli."

Neno hilo Batuli alikuwa amelitamani mwaka mzima. Alimsogezea kiti karibu na chake, na Raya akakaa, akakaza macho kwenye kioo cha mitambo kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Haya, nianze na jepesi," Raya akasema. "Nani hukiambia pa kwenda?"

Batuli aliondoa macho kwenye kioo.

"Mimi," akasema.