Mbuzi wa Melchior

Pikipiki ya TVS iliteleza kwenye matope nje ya Butembo. Jokébed, mpelelezi wa polisi, akaitia gia, akakaza mwendo.

Mbele, Land Cruiser ya Melchior ilikuwa ikikimbilia Beni.

Melchior ndiye mpiga hesabu wa majaribio ya maharagi. Jioni angetangaza kwamba mbegu ya tajiri mmoja wa ng'ambo imeshinda. Malori ya mbegu hiyo yalishapakiwa. Na mama yake Jokébed, mwenye kashamba kamoja tu Bulengera, alikuwa akiingoja aipande.

Simu ya Tecno ikalia. Alikuwa bosi wake; Jokébed akaiwahi kwa maneno.

"Chef, ile mbegu inakufa! Melchior anasema mbuzi njo zilikula, donc anaiongezea mavuno ya mashina yenye yanakosa, kama vile yalizaa."

"Si njo kanuni? Kama ni mbuzi, mbegu haina kosa."

"Lakini kama ni ugonjwa?"

"Leta preuve, ushahidi wa macho. Hapana kunisumbua na maneno."

Ikakatwa. Jamani, bosi gani huyu! Wiki nzima wimbo uleule.

Alipofika kwenye shamba la majaribio nyuma ya mtaa wa Beu, Beni, alikuwa amechelewa.

Wanawake vibarua walikuwa wameshang'oa maharagi na kulima kila kitu. Melchior aliegemea gari, anatabasamu.

"Pole, dada. Tunatayarisha msimu mupya."

Jokébed alitamani kulia. Akapiga teke bonge la udongo.

Kisha akaona.

Vigutu vya maharagi vilikuwa vimelazwa mistari kwa mistari, mizizi juu.

"Mama Adèle, nani amewaambia mulaze hivi?"

"Kwani kuna kuambiwa?" Mama Adèle akacheka, jembe begani. "Tunakung'uta udongo, tunaonyesha mizizi jua. Bila hivyo, mvua inarudisha magugu."

Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza, inanuka.

"Melchior, mbuzi yako inakulaka mpaka chini ya udongo?"

Tabasamu likamtoka. Mkono wake ukashuka kiunoni.

Bastola ya Jokébed, Makarov, ilikuwa imeshatoka.

"Hapana kujaribu."

Pingu zikalia. Picha zikaruka hadi kwa Chef. Jibu likaja papo hapo.

"Malori yamesimamishwa. Si nilikuambia utafute preuve? Bravo kwetu."

Kwetu! Jokébed alisonya, akazima ile laini, akampigia mama yake.

"Mama, ile mbegu mupya, uiache. Panda yako ya siku zote."

"Yangu? Nilikuwa nimeshaiweka jikoni, nipike."

"Toa chungu kwa moto, mama!"

"Haya, haya. Bado sijawasha."

Jokébed akavuta pumzi. Polisi wa Beni walipokuja kumchukua Melchior, akawashukuru akina mama kwa Kinande, "Wasingya," akapanda TVS na kuondoka polepole.