Nafasi Arobaini na Moja

Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Bi Taipu aliingia katika karakana ya mpiga chapa akiwa na mkoba begani na miwani miwili: ya kusomea na ya kuonea watu. Lakabu hiyo aliipata ofisini, alikopiga taipu barua za wakubwa kwa miaka thelathini na mmoja. Tangu astaafu alikuwa ameandika vitabu vinne, akavigharimia na kuvisambaza mwenyewe, mlango kwa mlango. Hiki kilikuwa cha tano: nakala mia mbili.

"Fundi, mtoto amezaliwa salama?"

"Salama, bibie. Ila ana mapengo."

Hakuwa akitania. Kila palipostahili kuwa na jina la marehemu dada yake Bi Taipu, ukurasa ulikuwa mweupe. Fundi alikuwa amekwisha kuhesabu: nafasi arobaini na moja katika kila nakala. Akamwonyesha bamba la kuchapia. Jina limo, herufi zote. Akapitisha karatasi mashineni. Jina likatoka jeusi tii. Wakalitazama. Likaanza kufifia, herufi ya mwisho kwanza, kana kwamba mtu analiramba.

Wasomaji wakimuuliza Bi Taipu kinachomsukuma kuandika, hujibu kwamba anakwepa kupika. Jibu la kweli lilikuwa katika kitabu hiki. Dada yake, aliyetumia mkono wa kushoto, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, alisimama mbele ya wageni waliojaa sebuleni akamwambia baba yao mkubwa, mganga aliyeogopwa mitaa saba: "Wewe hutibu. Unaua." Siku ya sita hakuonekana. Ikasemwa ametoroka na dereva. Baada ya hapo jina lake likatoweka katika daftari la shule, katika kadi ya kliniki, nyuma ya picha. Hakuna aliyeuliza. Bi Taipu, wakati huo wa miaka tisa, aliamua kuwa siku moja atauliza kwa maandishi. Vitabu vinne vya mwanzo vilikuwa vya kunoa kalamu tu.

"Tuweke 'dada' peke yake, yaishe," Fundi alinong'ona.

"Dada ninao watatu. Aliyepotezwa ni mmoja."

Bi Taipu akachukua kalamu ya Fundi, akamkabidhi. "Andika wewe kwanza."

Fundi akaandika jina katika pengo la kwanza. Likafifia kabla wino haujakauka. Bi Taipu akaandika chini yake. Wakasubiri dakika tano kwa saa ya ukutani.

Likabaki.

"Basi ni hesabu tu," alisema. "Nafasi arobaini na moja mara mia mbili ni elfu nane na mia mbili. Nakala moja dakika tano. Nakala hamsini kwa siku, saa nne na dakika kumi. Ijumaa nimemaliza."

Siku hiyo ya kwanza ilipita kwa utulivu, isipokuwa vidole vyake vilikuwa baridi alipoondoka, na kucha zimekuwa za samawati.

Jumatano alikuja kaka yake, mtu mzima wa miaka sabini, akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti.

"Mdogo wangu, liache. Baba mkubwa alilifunga jina lile. Alisema atakayelifungua atafungwa yeye."

"Baba mkubwa yuko kaburini mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Ndiyo maana naogopa. Angekuwa hai ungemwona anakuja."

"Njoo basi unisaidie. Nawe ni damu ya dada; mkononi mwako litabaki."

Kaka akatazama mikono yake, kisha akageuka akaenda zake. Mchana ule chumba kikajaa harufu ya ugoro. Fundi hanusi ugoro. Bi Taipu hanusi. Aliyenusa alikuwa baba mkubwa. Kando ya meza palikuwa na kiti kitupu chenye mto. Mto ukabonyea.

Alhamisi Fundi alileta kiti kingine, akakiweka baina ya bibie na kile kilichobonyea, akaketi mwenyewe. "Kazi imetoka kwangu," alisema. "Sitaikimbia." Aliketi robo saa. Kisha akainuka kama aliyeguswa, mgongo wa shati lake umelowa. Lakini hakuondoka karakanani. Aliwasha mashine, akaiacha iungurume bure, ili sauti iliyonong'ona kutoka kile kiti isisikike vizuri.

Ijumaa umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza.

Saa sita mchana. Jua kali dirishani. Bi Taipu alikuwa amemaliza nakala ya mia na tisini na mbili. Kitu kizito kikamshika kifundo cha mkono wa kulia. Hakikuonekana. Ngozi ikadidimia alama nne, na ya tano upande wa pili.

Pumzi ya ugoro ikamfikia sikioni. "Umesahau aliyekulisha?"

"Sijasahau," alijibu, bila kuinua macho. "Hilo nalo nimeliandika. Ukurasa wa thelathini."

Vidole vyake vikafa ganzi. Kalamu ikaanguka.

"Fundi. Uzi wa kushonea vitabu."

"Bibie, zimebaki nane tu. Inatosha."

"Nile ng'ombe mzima, nishindwe na mkia? Nifunge."

Fundi akamfunga kalamu mkononi, mizunguko kumi. Bi Taipu akaandika kwa bega. Herufi zikawa kubwa, mbaya, za mtoto. Zikabaki. Mia na tisini na tatu. Na nne. Mto ukabonyea, ukainuka, ukabonyea. Na saba. Damu ikachuruzika chini ya uzi. Na nane. Na tisa.

Harufu ikakatika. Mara moja, kama mlango uliofungwa.

Bi Taipu akavuta nakala ya mia mbili, akaifungua penye pengo la kwanza.

Hapakuwa na pengo.

Akafunua la pili. La tatu. Yote yamejazwa, kwa mwandiko mwembamba ulioinama, wino ungali mbichi. Kila jina lilikuwa limeburutwa kidogo kuelekea kulia, kama afanyavyo mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto.

"Ni wewe?" aliuliza.

Fundi akatikisa kichwa. "Kwenu nani hutumia kushoto?"

Bi Taipu alikuwa anahesabu, kidole juu ya kila jina, midomo ikitembea. Arobaini. Arobaini na moja. Akafika ukurasa wa mwisho, chini ya sentensi ya mwisho, mahali ambapo hakuwa ameacha nafasi yoyote.

Arobaini na mbili. Limepigiwa mstari chini, kama saini.