Ijumaa Nne za Konakri

"Kata! Kata! Nani amekwambia nililia?"

Aliyepiga kelele hakuwa dairekta. Alikuwa Mama Hawanatu mwenyewe, mwandishi wa redio aliyeripoti vita yetu tangu mwanzo hadi mwisho, na sasa Kelfala anatengeneza filamu ya maisha yake hapa Freetown. Mimi Yeabu ndiye ninayemwigiza. Nilikuwa nimesimama gatini, machozi yananibubujika vizuri kabisa, mama wa watu akanikatia.

"Mama, watazamaji wanapenda machozi," Kelfala alimbembeleza.

"Na huyu askari anafanya nini hapa?"

"Ndiye anayekuokoa."

"Niokolewe? Mimi? Nilikuwa na mashine ya kurekodia begani na betri kwenye soksi, nikapanda boti kwa miguu yangu. Mtoe!"

Askari akavua kofia akaenda kununua maji ya tangawizi. Kelfala akashika kiuno.

"Sawa. Basi nipe mwisho. Mwanaume wako, yule fundi wa redio, kwa nini hakukufuata?"

"Andika hakuja."

"Watu watauliza sababu, Mama."

"Hata mimi nimeuliza miaka mingi. Andika hakuja!"

Jina la fundi huyo hakuwahi kututajia. Ndiyo maana Kelfala hakujua alichokuwa akikifanya asubuhi ile alipomwita mzee mmoja kutoka mtaa wa Kissy, eti ndiye pekee anayeweza kufufua mashine zetu za zamani. Mzee akaingia na sanduku la vifaa. Akamwona Mama. Sanduku likamponyoka.

"Hawa."

"Fundi, kazi yako iko pale mezani."

Nikajua. Nani asingejua? Sauti ya Mama ilikuwa kavu, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta pa kushika.

Tukapiga onyesho la ofisini, maneno ni yale yale aliyotupa Mama. Nikabonyeza kitufe, nikasema kwenye kaseti:

"Mpenzi, wanakuja kuiteka redio. Naondoka na boti ya saa nane kwenda Konakri, nikatume habari kutoka huko. Kila Ijumaa nitakuwa mlangoni pa msikiti mkubwa. Nakungoja Ijumaa tatu. Ukija tunaoana. Usipokuja, nitakuwa nimekuelewa."

Nikaichomoa, nikaelekea kwa mlinzi wa getini.

"Simama!" Yule fundi, Mzee Santigie, alikuwa ameinuka, bisibisi mkononi. "Kaseti gani hiyo?"

"Usijitie hujui, Santi," Mama alisema. "Nilimwachia mlinzi, Pa Alimamy, akupe."

"Alimamy hakunipa kitu mkononi. Kaseti zote alikuwa anatia kwenye kapu."

Kelfala akanong'ona, "Kapu gani?"

"La kufutia," mzee alijibu. "Wakati wa vita kaseti mpya hazikuwapo. Kila iliyorudi ilikwenda kapuni, na mimi nilizifuta zote bila kusikiliza ili waandishi wapate za kutumia kesho yake. Isipokuwa ile iliyovunjwa vijino." Akachukua kaseti yangu, akatuonyesha vile vijino viwili vya plastiki mgongoni. "Ukivivunja, hairekodiwi tena. Hawa, hukuvivunja?"

"Boti ilikuwa inaondoka."

"Wewe! Wewe uliyekuwa ukitugombeza wote kwa ajili ya vijino!"

"Boti ilikuwa inaondoka, Santi!"

Mzee akakaa chini, sakafuni pale pale.

"Basi nilikufuta mwenyewe. Kwa mkono huu. Nikarekodi juu yako tangazo la mchele. Na mimi nikasema, huyu kaenda bila kwaheri, kapata mzungu mwenye kamera."

"Mzungu!" Mama akacheka, na hapo ndipo machozi yakamtoka, yale aliyonikataza mimi. "Nilingoja Ijumaa tatu. Nikaongeza ya nne. Kisha nikaenda vitani Liberia, kwa sababu huko angalau nilijua risasi zinatoka wapi."

Mpiga picha alikuwa hajazima kamera. Kelfala akamkonyeza azime, Mama akaona.

"Usizime! Ulitaka mwisho, chukua. Na askari wako asirudi."

Jioni ile Mama alinionyesha simu yake. Ujumbe ulisema: "Hawa, ni Santi. Nina miaka sitini na mbili. Nilioa, nikafiwa, wanangu wana miji yao. Sikuombi jibu."

Akaandika mbele yangu, kidole kimoja kimoja: "Mimi sikuolewa. Na watu huwa nawajibu wakifika mlangoni."

Jumamosi iliyofuata walifika, wazee wa Kissy na kibuyu chao cha posa kimefungwa kitambaa cheupe. Msemaji wao akasema wameona ua katika bustani yetu. Kama ilivyo desturi, tukawachezea kwa kuwatolea wengine kabla ya bibi harusi. Nikatolewa mimi kwanza, nimefunikwa gubigubi. Wakanifunua.

"Ni huyu?"

"Mzuri, ila sisi tunataka lililokomaa!"

Watu wakavunjika mbavu. Akafuata dada yake Mama, wakamkataa. Wa tatu, shangazi, alikuwa bado anajifunika chumbani, mara mlango ukafunguliwa, Mama akatoka peke yake, uso wazi.

"Nimengoja Ijumaa nne. Sitamngoja shangazi pia. Leteni kibuyu."

Wazee wakaguna, lakini walimpa. Ndani mlikuwa na kokwa za kola, sindano na uzi, pete, na kaseti moja. Mama hakugusa pete. Aliichukua kaseti, akaigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake taratibu. Palikuwa na vishimo viwili.

"Umevivunja," alisema.

"Jana. Nilipomaliza tu kusema humo," Santi alijibu kutoka nyuma ya wazee.

Mama akaivaa pete mwenyewe.

"Ingieni ndani," aliwaambia. "Chakula kiko tayari."