Kidonge Kilichongoja Treni

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, ni mama wa mtoto mmoja, na nauza unga wa muhogo sokoni hapa Kamina. Zamani nilikuwa mwalimu katika shule ya kanisa. Aliyeninyang'anya chaki ni mwanamume mmoja mwoga... na mimi niliyemsikiliza!

Léon alikuwa mchumba wangu na kiongozi wa kwaya yetu ya Kimethodisti. Mbele ya watu, malaika! Jumapili moja kondomu ilipasuka. Kesho yake asubuhi nilimwomba aende duka la dawa karibu na stesheni, anunue kidonge cha dharura. Nilijua kinatakiwa kumezwa mapema iwezekanavyo. Nilijua pia kwamba shule yetu humfukuza mwalimu anayebeba mimba bila ndoa.

Léon akashika kichwa.

"Miye, kiongozi wa kwaya, niingie mule? Bantu batasema nini? Ndugu yangu anatumika kazi ku treni, atatuletea toka Lubumbashi."

Lubumbashi! Duka liko ng'ambo ya barabara, bwana anaagiza dawa kwa reli, tena reli hii yetu! Treni ikaharibika njiani, Luena. Kila nilipolia, Léon aliniambia nisali. Kwa nini sikujiendea mwenyewe? Eti nalinda heshima yake... heshima gani?

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kidonge kilifika juma lililofuata, kimeviringishwa ndani ya gazeti kama almasi. Nilikimeza, lakini nilikuwa nimechelewa. Kidonge kile huzuia mimba isiingie, hakitoi iliyokwisha kuingia.

Tumbo lilipoonekana, kamati ya shule iliniita. Léon alikuwa mmoja wao, amevaa tai.

"Ile mimba haiko yangu," akasema.

Kisha akaongoza wimbo wa kufunga kikao! Mimi nikafukuzwa, yeye mpaka leo anaongoza kwaya. Mwanangu nampenda sana. Léon hata kumchukia siwezi, namdharau tu.

Dada zangu, nawasihi, mkipatwa na ajali kama yangu msimngoje mwanamume mwenye aibu. Nendeni wenyewe, siku ileile!

Mwaka jana mtoto alipata homa, nikaingia duka lile kwa mara ya kwanza. Nilimsimulia mama muuzaji yote. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Ulikuwa unaogopa nini, mama?" akaniuliza. "Bantu ba kwaya yenu ndio banakinunuaka sana kile kidonge."