Mgahawa Usio na Kitunguu

“Hamna kitunguu, hamna saumu, hamna kiazi. Kula, mpenzi,” alisema Viraj, akimsogezea Charmi bakuli la dengu.

Walikuwa kwenye mgahawa wa Kihindi mjini Bremen. Charmi ni Mjaini, muumini wa dini ya kale ya India. Kwao Palanpur hawali kitu kinachong'olewa na mzizi wake; dini inakataza. Viraj, mchumba wake, Mpunjabi wa Ludhiana, hakuwa na mwiko. Kabla ya hapa walizunguka migahawa kumi na mmoja. Huku mchuzi mtamu kama uji wa mtoto, kule mhudumu anauliza, “Mjaini ndiyo nini?” Huu wa kumi na mbili Viraj aliupata mwenyewe, na kwa sababu ya mgahawa huo Charmi alikubali posa. Harusi ilikuwa Desemba.

“Ngoja kwanza nikamwone mpishi,” Charmi alisema.

“Jikoni? Utanuka mafuta.”

“Mfungo wetu Wajaini umeisha jana, Viraj. Leo tunaombana radhi. Hata mwenye nyumba wangu nimeshampigia.”

“Mpishi! Hata jina lake hulijui. Kaa chini.”

Hakukaa.

Mpishi alikuwa Mnepali, jina lake Dhan. Charmi aliunganisha viganja mbele yake.

“Kaka, kama nimekukosea, kwa kujua au kutojua, nisamehe.”

“Dada, unaniomba radhi mimi?”

“Miezi minane unanipikia chakula cha peke yangu. Najua ni taabu.”

Dhan aliweka mwiko chini.

“Taabu gani, dada? Michuzi yetu yote inatoka sufuria hii moja. Gunia zima la vitunguu, kila Jumatatu. Wa jibini, wa dengu, wa Wajerumani, na wako. Mimi ndiye wa kukuomba radhi.”

“Lakini kila mara nilikuuliza!”

Dhan alitoa simu, akamwonyesha ujumbe wa Viraj wa Januari:

“Akiuliza, sema hamna. Hatajua, ile pua ni pambo. Nimechoka kuzungushwa Ujerumani nzima kwa ajili ya kitunguu.”

Charmi alirudi mezani taratibu.

“Miezi minane, Viraj?”

Viraj aliutazama mlango wa jikoni, akacheka.

“Kwani umekufa? Mashavu yamejaa! Wewe na ushamba wenu wa Palanpur. Mama alisema, mwanamke wa hivyo hafunzwi kwa maneno, hufunzwa kwa sahani.”

“Na mama yako anajua?”

“Nyumba nzima inajua. Tumecheka sana.”

Charmi alilisukuma bakuli kando. Viraj alipoona hivyo, aligeuza sauti.

“Haya, mpenzi, nisamehe. Leo si siku yenu? Huwezi kukataa.”

“Nani amekataa? Nimekusamehe. Sina kinyongo hata chembe.”

Viraj alitabasamu, akamega mkate.

“Ndiyo maana nakupenda. Huna makuu.”

“Sasa pigia Ludhiana, uwaambie hakuna harusi.”

Mkate ulibaki mkononi.

“Si umesema umenisamehe?”

“Mwizi nikimsamehe, Viraj, simkabidhi funguo.”

Alivua pete, akaitia kwenye bakuli la dengu. Ilizama polepole.

“Charmi! Hiyo ni dhahabu!”

“Itafute. Kutafuta ndiko kulikokuchosha, lakini safari hii huendi mbali.”

Alihamia meza ya dirishani, akampa mgongo.

“Kaka Dhan!” aliita. “Nipikie wali mtupu, kwa sufuria safi. Nina njaa.”