Mbao za Gati Bovu

Rafiki yangu fundi seremala, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika randa ingawa hukana, alimtengenezea kitanda mama mkwe wake, mama ambaye hajawahi kumsifu. Mbao alizitoa kwenye gati bovu. Zilijaa matundu ya wale wadudu wa baharini wanaotafuna mbao za meli na kuzunguka nazo dunia nzima. Dawa ya fundi mvivu ni vumbi la msumeno na gundi: akayaziba yote, akapiga vanishi, kikang'aa.

Mama mkwe akaegemeza mkongojo wake kitandani, akajilaza mchana huohuo.

"Mkwe wangu," aliita baada ya saa moja, "kitanda hiki kinatafuna."

"Mama, mbao zinazoea uzito."

"Uzito wangu, au uvivu wako?"

Fundi akainama, akaweka sikio ubavuni mwa kitanda. Kwarakwara, kwarakwara. Vizibo vyote vilikuwa sakafuni, vimelowa, na katika kila tundu kitu cheupe chenye utelezi kama kamasi kilijivuta ndani.

"Inuka, mama!"

Akaunyakua mkongojo ampe. Ule mkongojo wa miaka thelathini, usioijua bahari, ulikuwa mwepesi kama unyoya, ukimtiririshia kiganjani maji yanayonuka samaki waliooza. Akautupa, akamkokota mama mkwe hadi uani.

"Umenifedhehesha!" mama mkwe alifoka, akijipangusa shingo. "Na haya maji yanatoka wapi?"

Kitana cha mti alichokichomeka nyweleni kilikuwa kinatona, na ndani yake kulikuwa na kitu kikikwaruza, kwarakwara.